Mbasa: Samaki wa Ziwa Nyasa anayezaliwa mtoni

MBASA ni samaki wa maji baridi mwenye rangi ya fedha, anayeishi katika Ziwa Nyasa na katika mito inayomwaga maji yake humo. Hapatikani kwa asili katika ziwa jingine lolote duniani. Ikolo, Ngonga, Matema na kote katika tambarare ya wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, jina lake hutajwa sambamba na mchele na kakao kila inapozungumzwa fahari ya wilaya hiyo.

Wengi wanaomfahamu samaki huyu wanamfahamu akiwa mezani, amechomwa kwa makaa na kuandaliwa pamoja na wali wa Kyela. Ni wachache wanaojua kwamba mbasa, ingawa huvuliwa ziwani na hunenepa ziwani, si mzaliwa wa ziwani. Mayai yake hutagwa mtoni, katika maji yanayokwenda kasi juu ya changarawe safi, na huko ndiko vifaranga wake huanzia maisha.

Kwa sababu hiyo, hatima ya mbasa haiamuliwi katika maji mapana ambako mitumbwi humtafuta. Huamuliwa zaidi kwenye milango ya mito na katika mashamba ya miinuko ya Rungwe na Ileje, ambako wakulima wengi hawajawahi hata kumwona samaki huyo akiwa hai.

Sura na ukoo wake

Jina la kisayansi la mbasa ni Opsaridium microlepis. Aliyemweleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya sayansi ni Albert Günther wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, mwaka 1864, kutokana na vielelezo vilivyokusanywa na Dk. John Kirk. Kirk alikuwa tabibu na mtaalamu wa mimea katika msafara wa David Livingstone wa mto Zambezi, msafara uliofika Ziwa Nyasa mwaka 1859. Wasomaji wa historia ya Zanzibar wanamkumbuka zaidi kwa kazi yake ya baadaye, alipokuwa mwakilishi wa Uingereza visiwani humo wakati Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa.

Neno microlepis lina asili ya Kigiriki na maana yake ni "magamba madogo". Anayemparua mbasa jikoni ataona mara moja jina hilo lilikotoka: magamba yake ni mengi, madogo na yamepangika kwa karibu. Mwili wake ni mrefu na mwembamba, umeundwa kwa kukata maji. Mgongo una rangi ya kijivu inayoelekea kijani, na ubavu hung'aa kama bati jipya. Mkia umegawanyika katika panda mbili kali. Mdomo ni mpana, lakini hauna meno. Kama walivyo samaki wengi wa ukoo wake, mbasa husaga chakula kwa meno yaliyo ndani ya koo.

Mbasa aliyekomaa vizuri huweza kufikia urefu wa nusu mita na uzito wa kilo kadhaa. Samaki mchanga ana alama ambayo mkubwa huipoteza kadiri anavyokua, nayo ni mistari myeusi iliyosimama wima ubavuni, kutoka karibu na kichwa hadi karibu na mkia.

Katika ziwa hilo hilo yumo ndugu yake wa karibu, Opsaridium microcephalus, ambaye Malawi huitwa sanjika. Naye alielezwa na Günther katika mwaka huo huo wa 1864. Sanjika ni mdogo kuliko mbasa, kichwa chake ni kidogo na magamba yake ni makubwa zaidi. Sokoni wawili hao huweza kuchanganywa na mnunuzi asiye mzoefu, hasa wakiwa wamekaushwa. Mbasa mwenyewe, kwa upande wa Malawi, huitwa mpasa, neno ambalo msikilizaji yeyote wa Kyela hulitambua bila kuhitaji mkalimani.

Wazungu waliomwona akipanda mito walimpa jina la salmoni wa ziwa. Jina hilo lina mantiki kwa tabia, si kwa nasaba. Salmoni ni samaki wa maji ya baridi kali ya kaskazini mwa dunia, na hana undugu wowote wa karibu na mbasa. Jamaa halisi za mbasa ni samaki wadogo wanaofahamika zaidi kwa fungu kuliko kwa mmoja mmoja: usipa wa Ziwa Nyasa na dagaa wa Ziwa Victoria. (Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa ukoo mwingine kabisa, ulio karibu na samaki wa baharini aina ya sadini.) Hivyo mbasa anapomfukuza usipa, anamla binamu yake.

Maisha ya ziwani

Ziwa Nyasa lina eneo la takriban kilomita za mraba 29,600 na kina kinachofikia mita 700. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kina hicho haina uhai wa samaki. Maji ya chini na ya juu hayachanganyiki, na kuanzia mita zipatazo 250 kwenda chini hakuna oksijeni. Samaki wote wa ziwa hilo, ambao aina zake huhesabiwa kwa mamia na ndizo zilizolipa umaarufu duniani, huishi katika tabaka la juu.

Mbasa ni wa tabaka hilo, na hukaa zaidi karibu na uso wa maji. Akiwa mchanga hula wadudu na viumbe wadogo wanaoelea majini. Akishakua huwa mwindaji wa samaki, na windo lake kuu ni usipa, ambaye huogelea kwa makundi makubwa katika maji ya wazi. Usipa huishi muda mfupi na huongezeka haraka. Katika miaka ya neema ziwa hujaa usipa, na katika miaka mingine hupungua ghafla. Mbasa hufuata makundi hayo, na wavuvi humfuata mbasa.

Tofauti kubwa kati ya mbasa na majirani zake wengi iko katika malezi. Magege, kwa mfano, hubeba mayai na vifaranga mdomoni mwa mama. Vivyo hivyo kwa mamia ya aina za samaki wadogo wa rangi wanaoishi kwenye miamba, kama ile ya upande wa Matema na Ikombe ambako milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja ziwani. Samaki wa namna hiyo anaweza kumaliza maisha yake yote katika ghuba moja. Mbasa habebi chochote mdomoni wala halindi kiota. Yeye huyaacha mayai yake mikononi mwa mto, na mto ukiharibika hana mahali pengine pa kuyapeleka.

Safari ya kupanda mto

Mvua zinapoanza kunyesha milimani na mito kujaa, mbasa waliokomaa hukusanyika mbele ya milango ya mito. Dume hubadilika sura: vijipele vidogo vigumu hujitokeza kichwani, na rangi ya mapezi hukolea. Kisha samaki hao huingia mtoni na kuanza kupanda kinyume cha mkondo.

Hawapandi wote kwa pamoja. Utafiti uliofanywa Malawi na mtaalamu wa samaki Digby Tweddle, ambao sehemu yake ilichapishwa mwaka 1983, ulieleza namna mpasa wanavyotaga katika mito ya nchi hiyo. Msimu wa kuzaliana ni mrefu, unaochukua miezi mingi. Makundi mapya huendelea kuingia mtoni kadiri maji yanavyoruhusu, na jike hatagi mayai yote kwa mkupuo mmoja.

Mahali wanapopatafuta ni pa aina moja tu: maji yasiyo na kina kirefu, yanayokwenda kasi, juu ya changarawe iliyo safi. Jike na dume hukaribiana, hutetemesha miili yao chini ya mto, na mayai huingia katikati ya kokoto. Humo ndimo usalama wao ulipo, kwa kuwa maji yanayopita kati ya kokoto huyaletea oksijeni, nazo kokoto huyaficha yasiliwe. Baada ya kutaga, wazazi hugeuka na kurudi ziwani. Tofauti na salmoni wa Bahari ya Pasifiki, ambaye hufa akishataga, mbasa anaweza kuishi na kurudi mtoni msimu mwingine, ikiwa atafanikiwa kuuvuka mlango wa mto mara ya pili.

Vifaranga wanaoanguliwa hubaki mtoni kwa muda, wakijificha kwenye maji tulivu ya kandokando, kabla ya kuteremka taratibu kuelekea ziwani.

Tafiti za vinasaba zilizofanywa Malawi zimeonyesha kuwapo kwa tofauti kati ya samaki wa mito mbalimbali, jambo linaloashiria kwamba wengi hurudi katika mto waliozaliwa. Maana yake kwa mvuvi ni nzito. Mto mmoja ukipoteza mbasa wake, si rahisi wa mto wa jirani kuja kuziba pengo.

Anakopatikana

Ziwa Nyasa linapakana na nchi tatu, Tanzania, Malawi na Msumbiji, na mbasa hupatikana katika maji ya nchi zote hizo. Kinachoamua wingi wake si ukubwa wa ziwa, bali uwepo wa mito mikubwa yenye maji mwaka mzima. Upande wa Malawi mito iliyosifika ni Bua, Linthipe, Dwangwa na Rukuru Kaskazini. Kwa upande wa Tanzania mto mkubwa kuliko yote ni Ruhuhu, unaoingia ziwani karibu na Manda, mpakani mwa wilaya za Ludewa na Nyasa.

Kyela imejaliwa mito minne inayotajwa pamoja: Songwe, ambao ndio mpaka na Malawi, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Ni eneo dogo kwa mito mingi kiasi hicho, na sababu yake ni umbo la nchi. Kaskazini unasimama Mlima Rungwe, unaokaribia mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, pamoja na safu za Poroto na Livingstone. Ziwa liko katika mita 475 hivi. Maji yanayoanguka Tukuyu na Mwakaleli, ambako mvua ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi, huteremka mwinuko huo wote katika umbali mfupi. Mto Kiwira hupita chini ya Daraja la Mungu na katika korongo la Kijungu, maeneo yanayojulikana na watalii, kabla ya kufika bondeni.

Mito hiyo ikishafika katika tambarare hubadilika tabia. Hupoteza kasi, hujipinda, hutua mchanga na tope, na wakati wa masika hufurika katika mashamba ya mpunga na migomba. Mkulima wa kata ya Ikolo huyajua mafuriko hayo kwa pande zote mbili: ndiyo yanayorutubisha majaruba, na ndiyo yanayoweza kuisomba mazao, barabara na nyumba. Kwa mbasa, tambarare hiyo ni njia tu. Hana cha kutaga juu ya tope. Inampasa kuivuka yote hadi karibu na vilima ambako mto bado una kasi na kokoto. Kila kilomita ya njia hiyo ina watu, na watu hao wana nyavu.

Wavu kwenye mlango wa mto

Samaki aliyetawanyika ziwani ni mgumu kumpata. Samaki yule yule anapojikusanya mbele ya mto ni rahisi, na mvuvi mwenye mtumbwi wa gogo na wavu mmoja wa kutega anaweza kumsubiri bila kwenda mbali. Mbasa wa wakati huo ndiye mwenye thamani kubwa pia, kwa kuwa amenona na jike amejaa mayai. Haihitaji ubaya wa moyo kuelewa kwa nini mlango wa mto huwa na wavuvi wengi wakati wa mvua. Ni miezi ambayo ghala za mpunga zimepungua na mavuno mapya bado yako shambani.

Ndani ya mto zana hubadilika. Kuna uzio wa matete na miti unaokatisha mto, ukiachiwa nafasi chache zinazotegwa migono. Kuna ndoano. Kuna pia utupa, mmea ambao majani yake yakipondwa na kutiwa majini huwalevya samaki wakaelea. Mgono humchukua samaki aliyeingia, lakini utupa haubagui. Humchukua mzazi, kifaranga na wadudu ambao kifaranga angewala.

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009 zinakataza sumu, baruti na zana haramu kama makokoro, na zinaweka msingi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vinavyojulikana kwa kifupi cha BMU, katika mialo. Vikundi hivyo vinaundwa na wanavijiji wenyewe. Ugumu wake unaonekana wazi: mlinzi na mvunja sheria hukutana kisimani, msikitini, kanisani na msibani, na si ajabu wakawa mtu na shemeji yake. Aidha, mlinzi wa mwalo hutazama ziwani, wakati uharibifu mwingi wa mbasa hutokea kilomita kadhaa ndani ya mto, katika vijiji vinavyojihesabu kuwa vya wakulima.

Historia ya Ziwa Nyasa lenyewe inaonyesha mwisho wa mwenendo huo. Samaki aitwaye ntchila, Labeo mesops, naye ni wa kupanda mito wakati wa mvua. Hadi katikati ya karne ya 20 alikuwa miongoni mwa samaki muhimu wa biashara upande wa Malawi. Nyavu za kutega kwenye milango ya mito zilimfanya atoweke katika hesabu za uvuvi katika kipindi cha miaka michache tu, na hakurudi tena katika wingi wake.

Katika Ziwa Victoria yaliyompata ntchila yalikuwa yamempata ningu, Labeo victorianus. Wavuvi wa Nyanza, Uganda na Kagera walimvua kwa vizazi vingi kwa migono na nyuzio, alipokuwa akipanda mito kama Nzoia na Kagera. Nyavu za kisasa za kutega ziliingia katika ziwa hilo mwaka 1905, na zilipozidi kuenea zikategwa mbele ya milango ya mito. Ningu alikwisha pungua sana kabla sangara hajaletwa. Hilo husahaulika mara nyingi, kwa kuwa lawama zote za Ziwa Victoria siku hizi hubebeshwa sangara.

Mbasa hajafikia hali ya ntchila. Hata hivyo, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, limemweka katika orodha ya samaki wanaotishiwa kutoweka, kutokana na kupungua kwake katika mito mingi aliyokuwa akipanda.

Udongo unaoteremka

Hata pasingekuwa na wavu hata mmoja Kyela, mbasa angebaki na adui wa pili, asiyeonekana ziwani. Huyu ni udongo.

Yai lililo katikati ya kokoto hupumua kwa sababu maji yanapita. Udongo laini ukiteremka na kujaza nafasi kati ya kokoto, maji hayapiti, na yai hufa mahali lilipo. Hakuna anayeliona likifa. Wavuvi huona tu, miaka miwili au mitatu baadaye, kwamba samaki wamekuwa wachache na wadogo, na kila mmoja humlaumu mwenzake.

Miteremko ya Rungwe, Ileje na upande wa Malawi wa mto Songwe inalimwa karibu yote: migomba, chai, kahawa, viazi, mahindi na maharage. Mgomba na chai hufunika ardhi na kuishika. Shamba la viazi au mahindi lililolimwa kuteremka mlima, likapigwa na mvua za Machi, hupeleka udongo wake mtoni jioni ile ile. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na fukwe za maziwa. Mpaka huo ni rahisi kuupima ofisini kuliko bondeni, ambako shamba la familia nzima huenda lina upana usiofika mita 60.

Malawi inatoa mfano wa pande zote mbili. Mto Linthipe hupita katika nyanda za kati zenye watu wengi na mashamba mengi, na umekuwa ukisifika kwa maji mazito ya tope. Mto Bua, kinyume chake, hupita katika Hifadhi ya Wanyamapori ya Nkhotakota kabla ya kufika ziwani. Sehemu yake yenye kokoto iko ndani ya msitu, haina mashamba kandokando, na huko mpasa wameendelea kupanda na kutaga. Hata hivyo mlango wa mto huo uko nje ya hifadhi, na samaki hulazimika kupita penye nyavu kwenda na kurudi.

Kyela haina mto kama Bua. Misitu ya Mlima Rungwe huhifadhi chemchemi, si mazalia. Mahali mbasa anapotaga ni pale pale ambapo watu wanaishi.

Mabwawa ya Songwe

Suala jingine linahusu mto Songwe. Tanzania na Malawi kwa miaka mingi zimekuwa na mpango wa pamoja wa kuendeleza bonde la mto huo, ambao umekuwa ukihamahama na kubadilisha mkondo wake katika tambarare, hivyo kuleta mafuriko na hata utata wa mpaka. Mkataba wa kuunda Kamisheni ya pamoja ya Bonde la Mto Songwe ulitiwa saini mwaka 2017. Mpango huo unahusisha mabwawa matatu, kilimo cha umwagiliaji na umeme. Bwawa la chini lilisanifiwa kuzalisha takriban megawati 180.

Faida zake kwa wakazi haziwezi kubezwa. Mkulima ambaye mpunga wake umezama mara kadhaa ana sababu ya kutaka mto uliotulizwa. Kwa mbasa, ukuta unaokatisha mto kati ya ziwa na kokoto ni habari nyingine. Mabwawa ya nchi za kaskazini mara nyingi hujengewa ngazi za maji ili salmoni waruke kutoka kidimbwi hadi kidimbwi. Salmoni ni mrukaji hodari, na ngazi iliyopimwa kwa nguvu zake haiwezi kuhamishiwa Songwe kama ilivyo. Kwanza ipimwe nguvu ya mbasa mwenyewe dhidi ya mkondo.

Kuna pia suala la wakati. Mbasa huitwa mtoni na maji yanayopanda. Bwawa linaloyashika mafuriko ya Januari na kuyaachia Agosti hubadilisha wito huo hata kwa samaki ambao hawahitaji kuufikia ukuta wenyewe. Mambo hayo hurekebishwa kwa urahisi zaidi katika michoro kuliko katika saruji.

Kufunga uvuvi

Hatua ambayo serikali imeizoea katika maziwa mengine ni kufunga uvuvi kwa muda. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano na nchi jirani. Hatua ya namna hiyo inafaa kwa samaki wanaozaliana katika maji mapana.

Mbasa anahitaji kufungwa kwa mahali kuliko kufungwa kwa ziwa. Kipande kifupi cha pwani kila upande wa mlango wa mto, pamoja na njia ya mto hadi kwenye kokoto, kikiachwa huru katika miezi ya mvua, kingempa samaki nafasi ambayo ziwa zima lililofungwa wakati usiofaa haliwezi kumpa. Wakati huo mvuvi angebaki na ruhusa ya kuvua usipa na mbasa walioko mbali na mito. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, ina kituo Kyela, na wazee wa uvuvi wa Ngonga na Matema wanazijua siku ambazo kila mto hupokea samaki. Songwe, hata hivyo, hauwezi kulindwa na ukingo mmoja. Wavu ulioondolewa upande wa Kyela unaweza kutegwa upande wa Karonga usiku huo huo.

Mvua zinapokatika na mito kuanza kuwa myeupe, karibu na wakati wa kuvuna mpunga, samaki wachanga huonekana kwenye vidimbwi na kingo za maji tulivu. Ni wakati ambao vyandarua na nyavu zenye macho madogo hupitishwa humo kutafuta kitoweo cha siku. Katika fungu la samaki wadogo, usipa ni mwembamba na ubavu wake ni mweupe mtupu. Mwenye mistari myeusi iliyosimama wima ubavuni si usipa. Huyo ni mbasa, au ndugu yake sanjika, aliyekuwa akiteremka kwenda ziwani.